Folda ya Mlango

Folda ilitoka tupu tena, na Inspekta akatamani kumtukana mtu, ila hakujua amtukane nani.

"Rudia," alisema.

"Afande, hata nikirudia mpaka jioni itatoka hivi hivi." Aliyejibu alikuwa Mtaalamu, binti wa maabara ya kompyuta ya polisi, aliyeazimwa kwa ajili ya kesi hii tu. "Tazama mwenyewe. Folda ya mota imetoka, imejaa. Folda ya vitufe imetoka. Folda ya taa haina shida. Ya mlango sasa..." Akaibonyeza. Dirisha jeupe likafunguka, halina kitu ndani.

Walikuwa ghorofa ya juu kabisa, kwenye ofisi za kampuni inayoandika programu za kuendeshea lifti. Wote walikuwa wamepanda kwa ngazi, pamoja na Mkurugenzi mwenyewe, ambaye bado alikuwa anatweta kwenye kiti chake cha ngozi. Tangu ajali itokee, hakuna mtu katika jengo lile aliyekuwa na hamu ya lifti. Ilitokea upande wa pili wa mji, katika jengo la mabenki: lifti iliondoka mlango ukiwa wazi, wakati mama mmoja wa usafi ameshatanguliza mguu ndani na ndoo yake mkononi. Hakufika hospitali.

Aliyewekwa rumande kwa kifo hicho ni programa aliyekabidhiwa sehemu ya mlango. Wenzake walimwita Bwana Sasisho. Kila alipopeleka kazi kwenye ghala la programu, pale penye nafasi ya kueleza umefanya nini, yeye aliandika neno moja tu, "sasisho", akaenda zake kula. Kampuni ilidai kwamba aliagizwa aongeze ukaguzi, yaani lifti isisogee hata kidogo mlango ukiwa haujafungika, naye akapuuza. Mwenyewe alishikilia kwamba ukaguzi aliuandika na kuupeleka kabla ya ajali. Mchana huo, saa nane, angesimama mbele ya hakimu kwa shitaka la kuua bila kukusudia.

Inspekta alimwamini. Alikuwa amewahoji waongo wa kila aina, na hakuwahi kukutana na mwongo anayerudia maneno yale yale kwa uchovu vile. Lakini imani yake haikuwa ushahidi, na ghala ndilo lililopaswa kusema. Asubuhi Mtaalamu alimweleza taratibu kwamba ghala lile linatunza kazi yote kama ilivyokuwa kila siku tangu mwanzo. Unachagua siku, unaagiza, nalo linakutolea folda zote za siku hiyo.

"Toleo la leo linatoka zima," alisema Mtaalamu. "Toleo la siku aliyosema alipeleka ndilo linagoma. Na ni folda hiyo moja."

"Labda wewe hujaruhusiwa kuiona."

"Inawezekana. Kuna maghala ambayo kama huna ruhusa, hayakwambii hata kwamba umenyimwa. Yanakuficha tu."

Inspekta akamgeukia Mkurugenzi. "Wewe unaruhusiwa kuona kila kitu?"

"Kila kitu. Kampuni yangu hii."

"Basi njoo uingie kwa jina lako."

Mkurugenzi akaja, akawapa mgongo, akaandika neno la siri refu kuliko subira ya Inspekta. Wakaagiza upya. Mota, vitufe, taa. Mlango mtupu.

"Basi kuna aliyefuta," alisema Inspekta. "Nani hapa ana uwezo wa kufuta kitu kwenye seva?"

"Mimi," alisema Mkurugenzi, kisha akaharakisha kuongeza, "na Mjenzi."

Moyo wa Inspekta ukapiga kwa matumaini. Mjenzi ndiye aliyekusanya kazi za kila mmoja, akaziunganisha kuwa programu moja, akaituma kwenye majengo ya wateja. Wakati anaitwa, Mtaalamu alipekua kumbukumbu za seva, akalinganisha na nakala za akiba zinazotunzwa nje ya jengo. Alitikisa kichwa kabla hajamaliza. Hakukuwa na dalili ya kitu kufutwa, si juzi wala zamani.

Mjenzi aliingia, bonge la mtu aliyekauka midomo.

"Kaa," alisema Inspekta.

"Nashukuru, nitasimama tu."

"Kaa."

Akakaa.

"Folda ya mlango. Umeifuta lini?"

"Haki ya Mungu, afande, sijafuta. Hata kwangu ilitoka tupu."

"Nani amekwambia ni tupu?"

Mkurugenzi akaacha kutweta. Mjenzi akaitazama sakafu, akautazama mlango aliopitia, akagundua hana pa kwenda.

"Ilikuwa siku ile ile," alisema hatimaye. "Nilitoa nakala nijenge toleo jipya. Folda ya mlango ikagoma. Nikajaribu tena, ikagoma. Wateja wanapiga simu, Mkurugenzi anapiga simu. Basi nikairudisha nyuma hatua moja. Ikakubali. Nikajenga, nikatuma."

"Ukairudisha nyuma, maana yake nini?"

"Nikachukua ile ya kabla yake."

"Isiyo na ukaguzi."

"Sasa mimi ningejuaje kama kuna ukaguzi?" Sauti ilimpanda. "Ameandika 'sasisho'! Akibadilisha rangi, sasisho. Akifuta nukta, sasisho. Angeandika tu kwamba hii inazuia watu kufa, unadhani ningeigusa?"

"Ulimwambia kwamba imegoma?"

"Nilitaka kumwambia. Ilikuwa Ijumaa."

"Halafu?"

"Halafu ikawa Jumatatu."

"Na huo ndio utaratibu wenu hapa?"

Mjenzi akamtupia jicho Mkurugenzi, ambaye ghafla alikuwa na kazi nyingi kwenye simu yake. "Kila mtu anafanya hivyo, afande. Folda ikigoma, rudi nyuma, songa mbele. Tungesubiri kila inayogoma, tusingetuma kitu."

Inspekta aliinuka, akaenda dirishani, akarudi. Huyu hakufuta kitu. Alifanya uvivu wa kawaida ambao hakuna sheria inayoukataza. Lakini kwa nini folda iligoma tangu mwanzo?

"Nimeipata," alisema Mtaalamu, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyefurahi. "Afande, folda ya mlango haikai kwenye ghala hili. Inatumika kwenye lifti za aina nyingi, kwa hiyo ina ghala lake. Humu kuna kielekezi tu. Ni kama kile kibao cha mlangoni: tumehamia chumba fulani. Ukitoa nakala, ghala linasoma kibao, linakwenda kwenye hicho chumba, linakuletea vilivyomo."

"Na chumba?"

"Cha toleo la siku hiyo hakipo. Wala hakijawahi kuwepo. Bwana Sasisho alitakiwa apeleke mara mbili. Kwanza kazi yenyewe kwenye ghala la mlango, halafu kibao kwenye ghala hili. Kibao alipeleka. Kazi hakupeleka."

"Ni kosa letu sote hilo," alisema Mjenzi kwa unyonge. "Hata mimi limenikuta. Kwenye mashine yako kila kitu kinaonekana sawa, unajua umemaliza. Mpaka mwenzako ajaribu."

"Kwa hiyo kazi iko wapi?"

"Kwenye laptopu yake," alisema Mtaalamu. "Ni huko tu."

Inspekta akavuta kiti karibu. "Tukiipata, utajuaje kwamba ndiyo yenyewe, kwamba hajaiandika baada ya ajali?"

"Hilo halina ubishi. Kibao ni mstari mrefu wa herufi na tarakimu unaotokana na kazi yenyewe, pamoja na tarehe yake. Badilisha herufi moja, mstari wote unabadilika. Nao tunao hapa, umekaa kwenye seva tangu kabla ya ajali. Vikilingana, hakuna wakili wa kubisha."

"Na tusipoipata? Huo mstari hauwezi kutuambia ndani kulikuwa na nini?"

"Hauwezi, afande. Ni kama alama ya kidole. Inakusaidia ukiwa na mtu wa kulinganisha naye. Mtu mwenyewe huwezi kumtengeneza kutokana nayo."

Walipokuwa wanashuka ngazi Inspekta alimpigia Mwendesha Mashtaka. Mwendesha Mashtaka alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Dada yangu, kibao si ushahidi," alisema. "Kinaweza kuwa kinaelekeza kwenye kubadilisha rangi. Niletee kazi yenyewe kabla ya saa nane, nitaondoa shitaka kwa mkono wangu. Usipoileta, nitasimama nalo."

"Na ukisimama nalo?"

"Mama wa watu amekufa. Hakimu hatampa dhamana."

Chumba cha mahojiano cha rumande kilikuwa na meza iliyokazwa sakafuni na dirisha dogo juu mno kwa mtu yeyote kuchungulia. Bwana Sasisho aliletwa akiburuta viatu visivyo na kamba. Alikuwa amekonda, na vidole vyake virefu havikutulia juu ya meza.

"Siku ile ulipopeleka kazi," alianza Inspekta, "ulipeleka mara ngapi?"

"Mara ngapi? Nilisukuma kwenye ghala tu kama siku zote. Ya ndani, kazi yenyewe, halafu ya..." Inspekta aliona uso wake ukisawijika. "Ya nje, kile kielekezi, nilisukuma. Naikumbuka, ilikubali."

"Na ya ndani?"

Alifumba macho. "Mama alikuwa na kliniki mchana ule. Dada ananipigia simu, uko wapi, tumeshachelewa. Nikasukuma, nikafunga laptopu, nikakimbia. Ya ndani..." Akaweka viganja usoni. "Mungu wangu. Basi ni mimi. Nimemuua mimi yule mama."

"Hilo sijalisikia," alisema Inspekta haraka, "na usilirudie mbele ya mtu. Uliiandika kazi au hukuiandika?"

"Niliiandika! Niliijaribu hadi nikachoka nayo."

"Laptopu iko wapi? Wenzangu walipekua nyumba nzima."

"Iko kwa dada. Asubuhi ile kabla wenzako hawajaja kunikamata nilimpa, nikamwambia aitunze, kila kitu changu kimo humo. Niliogopa kampuni wataichukua."

"Wiki zote hizi umekaa humu, mbona hukusema?"

"Ya nini, afande? Mimi nilijua kazi iko kwenye ghala. Kila maelezo niliyoandika nimesema iko kwenye ghala, kaangalieni kwenye ghala. Nilikuwa nashangaa kwa nini hamwendi kuangalia."

Walikuwa wameangalia, na kila mara folda ilitoka tupu.

"Dada yako aliulizwa, akakana kuwa na kitu chako chochote."

Hapo, kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, kijana akatabasamu. "Dada hawaambii polisi hata saa ni ngapi. Huyo amenilea, afande. Mwambie nimesema mwenyewe akupe. Mwambie asiogope."

Walikwenda mbio. Mtaalamu aliendesha, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akawa anapiga mluzi. Inspekta alitazama saa yake kila waliposimama kwenye taa, akijikataza kufurahi na asifaulu. Muda ulikuwepo wa kutosha kwenda, kulinganisha na kurudi.

Dada mtu alikuwa mshonaji. Kibanda chake kilikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia, na sare za shule zilizotundikwa moja juu ya nyingine mpaka darini. Hakuacha kushona walipoingia.

"Nilishawaambia wenzenu," alisema juu ya mlio wa cherehani. "Mdogo wangu hajaacha kitu kwangu."

"Nimetoka kwake sasa hivi," alisema Inspekta. "Amesema unipe laptopu. Amesema usiogope."

Mguu ukatulia kwenye pedali. "Yuko vipi?"

"Amekonda. Lakini leo amecheka."

"Amecheka?" Mwanamke akaacha kitambaa, akawatazama mmoja mmoja, kisha uso wake wote ukalegea. "Kama amecheka, basi." Akapiga magoti chini ya meza ya kukatia, akavuta gunia la vipande vya nguo, akazamisha mikono yote miwili na kuitoa laptopu ikiwa imefungwa ndani ya kanga. Aliipangusa kwa kiganja kabla ya kuikabidhi.

"Na wala msihangaike nayo sana," alisema, akirudi kukaa. "Mimi nimeshaimaliza kazi."

"Kazi gani?" aliuliza Inspekta.

"Si nimeisafisha? Nikasema hawa wakija, wasikute kitu cha kumshika nacho. Nikaipeleka kwa yule fundi simu wa pale kituo cha basi. Akafuta kila kitu, akapiga Windows upya. Nikamwambia afute tena, mara ya pili, mbele ya macho yangu. Akaniuliza, hata picha nisikuachie? Nikamwambia hata picha. Kijana mzuri yule. Akaona nimelipa bila kubishana, akanijazia na sinema, mpaka nafasi ikaisha."

Mtaalamu alikuwa ameshaifungua. Inspekta hakusogea kwenda kutazama. Aliona kwenye miwani ya binti safu za picha ndogo ndogo zikipanda, sinema baada ya sinema, wanaume wenye bastola na magari yanayowaka moto.

"Vinaweza kurudishwa," alisema Inspekta. Hakuuliza.

"Fundi angefuta tu, ningejaribu. Vitu vikifutwa huwa vinabaki chini chini mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake." Mtaalamu akapandisha orodha ya sinema hadi mwisho. "Ameandika juu yake, afande. Mpaka ukingoni. Hakuna pa kutafuta."

"Jaribu."

"Afande..."

"Nimesema jaribu."

Akajaribu. Alichomeka kifaa chake, akaendesha programu moja, akaendesha nyingine. Inspekta alisimama katikati ya kibanda akisikiliza vidole vikigonga, na akajihisi hana maana, kama mtu aliyetumwa kuzima moto akiwa mikono mitupu. Mshonaji aliendelea kuwatazama, tabasamu likiwa bado halijajua liende wapi. Programu ya mwisho ilileta vipande vya sauti za sinema, si zaidi. Mtaalamu akachomoa kifaa, akauviringisha waya wake polepole sana.

"Humo kulikuwa na nini?" aliuliza mshonaji.

Mtaalamu akaifunga laptopu.

"Nawauliza. Kulikuwa na nini humo?"

"Kazi yake," alisema Inspekta. "Ile anayodai aliifanya. Alisahau kuipeleka kazini, ikabaki humo tu. Ilikuwa tukiionyesha leo, wanamwachia."

Mwanamke hakulia. Alitazama laptopu, akamtazama Mtaalamu, akamshika mkono. "Mwanangu, si wewe ni mtaalamu? Si ndiyo kazi yako hiyo? Mwite na fundi. Fundi ndiye aliyefuta, atajua alipoviweka."

"Hakuviweka mahali, mama," alisema Mtaalamu.

"Basi mimi nitamwambia hakimu. Nitasema ni mimi, yeye hajui kitu, nimefuta mimi kwa ujinga wangu. Watamwachia?"

Hilo ndilo Inspekta alilokuwa akiliogopa. Sheria ilimtaka aandike maelezo ya mwanamke huyu kabla ya kutoka humo ndani, na tayari alimsikia Mwendesha Mashtaka akiyasoma: laptopu ilifichwa, ikafutwa mara mbili mbele ya macho ya dada yake mshitakiwa, na watu hawahangaiki hivyo kufuta kitu kinachowatetea. Asipoyaandika, angeulizwa laptopu ilipopatikana na nani aliifuta. Aligeuza jambo hilo huku na huku, na pande zote lilikuwa lile lile.

"Itabidi uandikishe maelezo," alisema. "Halafu twende wote. Kuna kosa la kuharibu ushahidi, na siwezi kujifanya sikusikia. Nitasema ulifanya bila kujua. Nitalisema hilo kwa nguvu zangu zote."

"Mimi nishikeni. Sijakataa kushikwa." Alisimama, akazima cherehani ukutani, akaanza kukunja sare iliyokuwa mkononi mwake, akaifungua, akaikunja upya. "Nitampigia jirani akakae na mama. Nishikeni, hata sasa. Ila nakuomba jambo moja, mama. Nakuomba kwa heshima."

"Omba."

"Yeye asijue. Mwambieni imeibiwa. Mwambieni iliungua. Nimemlea tangu hajui kutambaa, hana mtu mwingine anayemwamini. Asijue ni mimi."

Inspekta alimtazama Mtaalamu, naye akatazama pembeni. Ilikuwa imebaki saa moja na kitu kidogo.

"Maelezo yako yatasomwa mahakamani, dada yangu," alisema Inspekta. "Kwa sauti. Na yeye atakuwa amesimama pale mbele."